Mwenye Nyumba, Sina Mahali

Shule ya Msingi,
Nyakahura, Biharamulo.
6 Agosti 1978

Mpendwa dada Adelfina,

Kabla hujauliza, tuko wazima wote. Ernesta amejifungua mtoto wa kike, mnene, ana sauti nzito kuliko ya baba yake. Tumempa jina la Mama. Mfikishie Mama shikamoo yangu, umwambie mjukuu anamsubiri, na uniandikie kama mguu wake unapata nafuu au bado anaukanda kwa yale majani yasiyosaidia.

Barua yako ya Juni nimeipata. Umeandika "Mama hakurara vizuri". Dada, mtu analala. Hapa nina wazee wa kisomo, wengine wana wajukuu wanaooa, na wameshajua kutenganisha l na r. Wewe uliyemaliza darasa la saba unanitia aibu mbele ya mabati ya shule. Usininunie, nakutania tu.

Sasa nikwambie kilichonikalisha chini leo. Juzi nilikwenda kwenye mnada wa pamba, nikakuta mzee mmoja wa Kisukuma anaitwa Shibuda, anauza tumbaku. Wateja walipopungua akatoa zeze lake chini ya gunia akaanza kupiga. Nimeishi hapa miaka mitatu, nimenunua tumbaku ya wakwe kwake mara ngapi sijui, na sikujua kwamba mtu huyu ana kitu kama kile. Alikuwa akipiga kisha ananyamaza, anaangalia watu wanapita, anaendelea palepale alipoachia. Nilisimama mpaka wakafunga mizani. Ernesta alinituma chumvi, nikarudi bila chumvi.

Na ndivyo nilivyo siku hizi. Mchana naanika betri za redio juani ili jioni nipate nusu saa ya muziki. Kuna bendi moja ya Mwanza nilikuwa naidharau, nasema hawa wanapiga kelele. Jumamosi iliyopita nikamsikiliza yule wa gitaa la pili peke yake, nikawaacha wengine wote, nikagundua nilikuwa mjinga. Gitaa lile linazunguka chini chini kama ikembe. Hapo ndipo nikamkumbuka Sindayigaya.

Unamkumbuka? Yule Mrundi aliyekaa Mbuba baada ya mwaka wa sabini na mbili, aliyekuwa akilima vibarua, na ikembe yake, ile marimba ndogo ya vidole gumba, ya vyuma vya mwavuli. Mimi nimesikiliza wapigaji wengi, wa redioni na wa barabarani, na sijapata mwingine. Niandikie mambo mawili. Kwanza, maneno ya ule wimbo wake wa mwisho, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiuimba ukienda mtoni. Pili, kama kuna mtu huko anayejua alikokwenda.

Kaka yako,
Novatus


Kirushya, Ngara.
2 Septemba 1978

Kaka Novatus, shikamoo.

Tumefurahi kwa mtoto. Mama alikwenda kwa kila jirani kutangaza, na mguu ukauma zaidi kwa sababu hiyo. Majani anaendelea nayo. Usimwandikie tena habari za majani, alinifanya nimsomee barua yote mara mbili na pale palimkera.

Maharage tumevuna, si mabaya. Mgomba ule mkubwa wa nyuma ya nyumba umeangushwa na upepo, na mkungu wake ulikuwa bado mchanga. Sukari hakuna dukani wiki ya tatu. Sabuni inakuja na kwenda.

Baba mdogo Celestini amekuja hapa mara mbili akiwa na Protasi wa Mbuba, yule fundi cherehani aliyefiwa na mkewe mwaka jana. Mara ya kwanza walisema wamepita tu. Mara ya pili walileta pombe. Nadhani unaelewa, kwa hiyo sitaandika zaidi. Ni mtu mpole. Watoto wake wawili wanamheshimu.

Maneno ya wimbo unaouliza siyakumbuki. Mtoni tulikuwa tunaimba vitu vingi.

Nimeandika barua hii polepole ili usipate pa kunicheka.

Mdogo wako,
Adelfina


Nyakahura, Biharamulo.
24 Septemba 1978

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Nimeikagua barua yako kwa kalamu nyekundu na sikupata kosa hata moja. Nimesikitika kidogo. Mtoto anakua, Ernesta anakusalimu, na mimi nina kikohozi cha chaki tu.

Habari za Protasi nimezisikia. Namjua, alinishonea suruali ya kwenda chuoni, na haijachanika mpaka leo. Tangu Baba afariki mimi ndiye mwenye nyumba, hata kama naishi mbali, naye baba mdogo anajifanya amesahau. Ukimtaka, niandikie. Usipomtaka, niandikie pia. Sitakulazimisha, wala sitapokea ng'ombe wa mtu kabla sijaona mwandiko wako.

Ila dada, huwezi kuniambia umesahau ule wimbo. Ngoja nikukumbushe. Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa nne, Baba ana miezi mitatu kaburini. Alasiri moja Sindayigaya akaja nyumbani, safari hii amevaa shati safi, akakaa kwenye kigoda pale mlangoni. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na nilikuwa na wazimu wa Kiswahili, nawakataza wote kusema Kihangaza mbele yangu, hata Mama. Akapiga vyuma vyake, akaimba:

Mwenye nyumba, nisikie,
mimi mgeni sina mahali.
Nipe mwaka, nipe miwili,
usifunge mlango wako.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika. Kulikuwa na ubeti mwingine. Kila ninapoandika hii mistari minne najisikia vibaya, nakuambia kweli. Mtu amekimbia kwao, ndugu wamebaki ng'ambo, anasimama mlangoni pa watu anasema hana mahali duniani, na anaomba asifungiwe mlango. Nimewasomea wazee wa kisomo, mmoja akafuta machozi. Bendi zote za redio hazina wimbo mmoja unaosema ukimbizi namna hiyo kwa maneno machache.

Na gumba lake la kushoto, unakumbuka? Lilikuwa linachelewa kidogo, ukidhani amekosea, halafu linafika. Tangu aondoke sijasikia mtu mwingine akipiga hivyo. Aliondoka wiki ileile, bila kuaga. Nilimwendea Mbuba nikakuta kibanda kitupu. Iliniuma kama nimefiwa mara ya pili.

Jaribu kukumbuka. Muulize na Mama.

Novatus


Kirushya.
22 Oktoba 1978

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo. Mvua imeanza. Mtoto wa jirani amepata surua ila amepona.

Mama hakumbuki wimbo. Mimi nimeshakwambia. Mtu akiondoka ameondoka, na wewe una redio, wapo wengi humo wa kukuimbia.

Protasi ameomba apewe jibu Pasaka. Nimemwambia ni mbali, akasema anaweza kungoja, amezoea kungoja wenye nguo walipe. Hata mimi nilicheka. Ni mtu mzuri, kaka. Ndiyo maana sijui nikuandikie nini.

Adelfina


Nyakahura.
3 Desemba 1978

Mpendwa Adelfina,

Sijui kama barua hii itafika. Mabasi yamekwenda kubeba askari, na anayeichukua ni mwalimu mwenzangu anayekuja huko kwa baiskeli. Sisi tuko salama. Vita viko mbali na hapa, lakini vijana wa mgambo wameondoka, na darasa langu la kisomo limebaki na akina mama na vikongwe. Mwambie Mama asiogope, umri wangu na kifua changu havihitajiki bado.

Redio sasa si yangu tena. Kila jioni uwanja wangu umejaa watu wanaosubiri taarifa ya habari, na betri zote zinaishia humo. Nyimbo ni za kwata tu. Sinung'uniki, ila nakwambia wewe kwa sababu ukimwambia mtu mwingine wakati huu kwamba umekosa muziki atakuona huna akili.

Sasa sikiliza. Vijiji vyote vimeombwa kuchangia ng'ombe kwa ajili ya askari. Jumanne makundi yalipita barabarani hapa yakitokea upande wa Lusahunga, na sisi walimu tulipanga wanafunzi kandokando washangilie. Ng'ombe ni wengi kuliko nilivyowahi kuona, vumbi huoni mtu wa tatu kutoka kwako, watoto wanapiga kelele. Kundi la mwisho lilipokuwa linapita, nikasikia ikembe nyuma ya ng'ombe.

Adelfina, nilisikia lile gumba. Linachelewa, halafu linafika. Nikawaacha wanafunzi nikakimbia kufuata vumbi, nikaita jina lake, nikaita tena, lakini mwalimu mkuu akanirudisha kwa filimbi kama mtoto. Nilipopata ruhusa jioni, wachungaji walikuwa wameshapita daraja. Mmoja aliyebaki nyuma kushona kiatu kilichokatika akaniambia wanawafikisha ng'ombe wanakopokelewa na jeshi, na kwamba wengine wameomba kuendelea nao mpaka mbele kabisa.

Kwa hiyo yu hai, yuko wilaya hii hii niliyomo, na nimempoteza tena. Miaka mitatu nimeishi labda siku moja kwa miguu kutoka alipo. Nimekuwa siwezi kufundisha. Ernesta ananiambia hata alipokuwa akichumbiwa hakuniona hivi.

Sasa unaelewa kwa nini nauliza. Kama unajua chochote, sema.

Novatus


Kirushya.
30 Desemba 1978

Kaka, shikamoo.

Mama ni mzima. Krismasi ilikuwa ya kimya, vijana wengi hawapo.

Umeandika kwamba wengine wameomba kuendelea mpaka mbele. Nimesoma mstari huo nikakaa chini palepale barabarani. Basi nitasema, kwa sababu kama ameenda vitani na mimi bado nimenyamaza, sitajisamehe.

Maneno ya wimbo ninayakumbuka yote. Ningewezaje kuyasahau, na mimi ndiye niliyempa.

Umeandika vizuri sana kuhusu ukimbizi. Ila kaka, hukujiuliza jambo moja. Sindayigaya alikuwa anaimba kwa lugha ya kwao siku zote, na sisi tulikuwa tunamwelewa bila taabu, maana Kirundi na Kihangaza ni ndugu. Kwa nini ule mmoja tu aliutunga kwa Kiswahili? Ni kwa sababu yako. Ulikuwa umetangaza kwamba jambo la maana katika nyumba yako lizungumzwe Kiswahili. Na yeye alikuwa na jambo la maana.

Mtu akitaka binti anamtuma mzee wa kwao. Yeye mzee wa kumtuma alikuwa hana, wote walibaki ng'ambo au wamekufa. Akaniambia, nitautuma wimbo. Alikuja kisimani wiki mbili mfululizo nimfundishe maneno, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Aliniuliza, vile vitu anavyotoa mwanamume kwa wazazi vinaitwaje kwa lugha ya mwalimu. Nikamfundisha neno kama ninavyolisema mimi. Na wewe unajua ninavyosema, umenicheka tangu utotoni. Kinywani mwangu mahali na mahari ni neno moja.

Alikuwa anasema hana mahari. Alikuwa anakuomba wewe, mwenye nyumba, umpe mwaka mmoja au miwili akatafute, na usinifungie mlango kwa kunioza kwa mtu mwingine.

Nilikuwa jikoni namenya ndizi. Nilisikia alipomaliza akanyamaza anangoja. Nikaacha kisu. Na wewe ukapiga makofi, ukasema, "Umepata wimbo, ndugu yangu, rudia." Akarudia. Ukamwambia rudia tena. Mara nne, kaka. Kila akifika mwisho anangoja jibu na wewe unamwomba aanze upya. Halafu ukampa kibuyu cha pombe, ukamwambia, "Kesho uje uwaimbie na walimu wenzangu." Wiki ile ile akaondoka. Mimi nilijua umemfanya mcheshi wa kilabu mbele ya nyumba yetu, na hukujua, na sikuwa na ujasiri wa kukwambia, maana ningekwambia nini wakati mwenyewe ameshaondoka.

Sijakuchukia. Nilikukasirikia mwaka mzima wa kwanza, kisha nikachoka. Lakini kila ukiniandikia jinsi unavyompenda huyo mtu na gumba lake, nasikia vibaya kuliko unavyojua. Mimi nami sijapata mwingine.

Usiniandikie tena habari za muziki. Niandikie kama yu hai.

Adelfina


Nyakahura.
11 Machi 1979

Dada yangu Adelfina,

Ernesta na mtoto hawajambo, mtoto ameanza kutambaa. Msalimu Mama.

Barua yako ilinifikia mwisho wa Januari. Nimeanza kuijibu mara tano nikachana. Mimi ndiye mtu anayesimama ubaoni kila siku na kuwaambia watu wazima kwamba l na r si kitu kimoja. Nilijiona ninasikia kuliko watu wote. Siku ile sikusikia maneno, nilisikia vyuma. Hata angesema mahari kwa r tatu, nisingesikia, nilikuwa nahesabu gumba litafika lini. Naomba unisamehe. Najua haitoshi, lakini sina neno kubwa zaidi ya hilo.

Kisha niliazima baiskeli, nikaenda Lusahunga, nikauliza kijiji hadi kijiji habari za Mrundi mwenye ikembe. Siku ya pili wakanielekeza kwa mzee mmoja mfugaji wa Kisukuma, Luhende, aliyehamia toka Shinyanga. Nikamkuta Sindayigaya anafunga zizi.

Yu hai. Naandika tena, yu hai. Hakwenda vitani, aliwafikisha ng'ombe akarudi. Amekonda, ana mvi mbili tatu, na anacheka vilevile kwa pua.

Nikamwambia palepale wima, kabla hajanikaribisha maji, kwamba sikuuelewa wimbo. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ulinipa pombe ukaniambia nirudie. Nikajua umekubali. Nikaondoka kwenda kutafuta." Adelfina, hakuondoka kwa hasira. Aliona nimempa muda. Alikuja mpaka huku akaajiriwa kwa Luhende kuchunga, na ujira wake kila mwaka ni mtamba mmoja. Miaka minne, mitamba minne. Mmoja alikufa kwa ndigana, ile homa ya kupe. Ile miwili aliyoiomba ilipopita bila ng'ombe wa kutosha, akaona aibu kutuma salamu, akasema atatuma akikamilisha.

Nikamuuliza, basi wale watatu wako wapi. Akaonyesha barabara.

Ni wale niliowapigia makofi na wanafunzi wangu. Hakuna aliyemwomba, yeye ni mkimbizi, orodha ilikuwa ya wanakijiji. Aliwatoa mwenyewe. Anasema alipewa shamba hapa bila kuulizwa baba yake ni nani, na watu wanatoa watoto wao, angewezaje kubaki na ng'ombe zizini. Akawaswaga mwenyewe, akiwapigia ikembe ili watembee bila hofu. Mwenyekiti wa kijiji amemwandika sasa kama mwenyeji, na jina lake liko kwenye kitabu. Kwa hiyo mahali amepata, dada. Mahari ndiyo hana tena.

Sikiliza uamuzi wa mwenye nyumba. Sitaki kwake hata kwato. Baba mdogo akilalamika, nitamjibu mimi kwa maandishi. Mkatalie Protasi kwa heshima, kwa maana hana kosa.

Shida ni mwenyewe Sindayigaya. Nimembembeleza siku mbili aje nami Kirushya, amekataa. Anasema hawezi kusimama mlangoni petu mara ya pili mikono mitupu, na kwamba nimpe mwaka mwingine, au miwili. Nilitaka kumpiga, nikashindwa, nikalia. Ngoja kidogo, nitamrudia baada ya kupanda. Barua hii naipa lori la kwanza litakaloelekea huko, na yamekuwa adimu.

Novatus


Kirushya.
8 Aprili 1979, Jumapili ya Matawi

Kaka, shikamoo.

Tangu nikuandikie Desemba sijapata hata mstari mmoja. Nimekwenda parokiani kila Jumamosi kuulizia, mpaka katekista akiniona kwa mbali anatikisa kichwa ili nisichoke kufika.

Sijui kama umekasirika, au hujapata barua, au umepata habari mbaya na unaogopa kuiandika. Kama ni hiyo ya tatu, ungeandika tu.

Pasaka ni Jumapili ijayo. Protasi ameshona gauni. Hakusema ni la nani, alilileta kwa Mama limefungwa kwenye gazeti, akaondoka. Ni zuri. Nimelala siku tatu na gauni hilo juu ya sanduku, nikilitazama, nikitafuta moyoni mwangu kitu cha kumpa mtu huyu, na kila nikitafuta nakuta nasikiliza barabara.

Nitamrudishia. Nataka ujue kwamba nimeamua mwenyewe kabla ya kusikia lolote kutoka kwako. Hata kama yule amekufa nitamrudishia. Siyo haki fundi awe na mke anayesikiliza barabara.

Baba mdogo atakuandikia kunishtaki. Usimwamini yote.

Adelfina


Lusahunga, Biharamulo.
10 Juni 1979

Kaka Novatus, shikamoo.

Soma juu nilikoandikia, kisha ukae.

Barua yako ya Machi ilifika Kirushya tarehe 19 Mei, imelowa, na nusu ya wino imetoka. Pasaka ilikuwa imeshapita, gauni limesharudi kwa mwenyewe, na baba mdogo hasemi nami. Mama alinikuta uani nimeishika karatasi. Nilimsomea pale palipobaki pakisomeka. Nilipofika kwenye "au miwili" akasema huyo mtu ni mpumbavu, na kwamba yeye mguu wake hauwezi kungoja mitamba. Kisha akaingia ndani akaanza kunifungia nguo. Alilia, lakini mikono yake haikusimama. Aliniambia nimwambie Sindayigaya kwamba hajamsalimu tangu mwaka wa sabini na nne.

Lori la kahawa lilinibeba. Tulipita Nyakahura mchana. Niliiona shule yako, nikainama ili usinione. Nisamehe kwa hilo. Nilijua ungenishusha, Ernesta angenipikia, mtoto angenishika kidole, na ningeogopa kuendelea.

Nilimkuta anakamua. Hakuinuka, maana ng'ombe alikuwa na ukali, kwa hiyo nilisimama nikamngoja mpaka amalize, na kibuyu kilijaa kikafurika. Nikamwambia nimengoja miaka mitano na siwezi kungoja ng'ombe wazaliwe, wakue, wapandwe. Akasema hana kitu. Nikamwambia nimesikia, alishaimba mara nne. Ndipo akacheka, kaka, na alipocheka nikajua sitarudi.

Nalala kwa mke wa mzee Luhende, kwa adabu zote, mwambie Mama hivyo ukimwandikia. Padre atatufungisha Jumamosi tarehe 30, siku moja baada ya Petro na Paulo. Luhende amesema atakaa upande wa Sindayigaya kama baba yake, na majirani zake wote, Wasukuma kwa Warundi, watakaa nyuma yake. Nimehesabu, ni watu wengi. Upande wangu hakuna mtu. Mama hawezi safari, baba mdogo hataki.

Njoo. Najua ukifika utataka kumsikia akipiga, na atapiga, na atakapopiga utakaa usikilize pamoja na wageni wengine. Lakini kabla ya hapo padre atauliza nani anamtoa binti huyu, na nitageuka kuangalia mkeka wa upande wetu. Nataka nikukute umekaa hapo, kama kaka yangu. Usipokuja nitaolewa vilevile, ila nitageuka.

Mdogo wako,
Adelfina